Nyuzi Ishirini Zilizopotea

Kufikia saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa amekwisha kuhesabu bobini za dhahabu mara tatu, na mara zote tatu zilikuwa arobaini kamili, wala hazikuona haya.

Alikuwa na Meneja ndani ya stoo ya karakana, chumba kilichotosha watu wawili ikiwa mmoja wao hatavuta pumzi. Kila bobini ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na uzi wa dhahabu uliozungushwa juu yake ulikuwa mwembamba hata unywele wa mtoto mchanga ungeonekana kamba mbele yake. Meneja, bwana mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, alishikilia kwamba wizi umefanyika humo. Si imeandikwa?

Imeandikwa kweli. Daftari la mshukiwa wa pili, mpimaji wa karakana nyingine, lilikuwa ndani ya mfuko wa ushahidi, na ukurasa wake wa mwisho ulisema: Hatua ya tatu, nyuzi ishirini zimepotea. Tumezitafuta siku nne.

"Basi waliozipoteza ni wao," Inspekta alisema, akifunga sanduku. "Wewe zako zote zipo."

Jina alilopewa kituoni, ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, lilikuwa Kobe. Walimpa kwa ajili ya mwendo wake, na kwa ajili ya shingo yake iliyokaa ndani ya kola siku nzima ikatoka pale tu jambo lilipompendeza. Asubuhi hiyo bado ilikuwa ndani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Karakana hiyo ilitengeneza viungo vya rada za kutazama mvua na upepo. Wiki mbili nyuma, ofisi ya hataza ilipokea ombi kutoka karakana nyingine ya upande wa pili wa mji, ikitaka kusajili kifaa kipya kama mali yake. Mchoro ulioambatanishwa ulikuwa uleule, mstari kwa mstari, uliochorwa humu na mbunifu mmoja mwanamke kwa muda wa miaka sita. Mchoro huo waliushika watu watatu tu: yeye mwenyewe, Meneja, na mhandisi mkuu aliyeitwa Profesa. Na katika hao watatu ni mmoja tu aliyekuwa na shemeji kule karakana ya pili. Meneja alimsimamisha kazi mbunifu Jumatatu. Leo Alhamisi, saa nane mchana, bodi ingekaa. Na kama Inspekta hangekuwa na neno jingine, jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka likiwa na jina la mwanamke huyo juu yake, naye jina lake lingefutwa kwenye kazi ya miaka sita kama vumbi juu ya meza.

Jalada liliita kifaa chenyewe kigeuza awamu kinachoongozwa kwa umeme, cha saketi ya maikrowevu. Inspekta alilisoma jina hilo mara nyingi. Awamu alizozijua yeye ni za serikali, na maikrowevu aliyoijua ilikuwa jikoni kwa dada yake, ikipasha chakula cha jana. Alivyoelewa, watu walikuwa wanagombania mashine ya kupindua serikali kwa moto mdogo. Akaona afadhali aende kwa aliyeichora.

Mbunifu alikaa nyumba ya vyumba vitatu vilivyopangwa upande mmoja wa korido ndefu, pamoja na mumewe aliyekuwa safarini, na mama mkwe aliyekuwa hayuko safarini hata kidogo. Bibi huyo aliketi kwenye kiti cha magurudumu mwanzoni mwa korido, kitambaa cheupe juu ya jicho moja, na jicho lililobaki lilimkagua Inspekta kuanzia viatu kwenda juu, likapumzika kwenye kitambi. Alimwambia waziwazi kwamba kama amekuja kumchukua mkwewe, amchukue na yeye, kwa kuwa yeye peke yake hajui kuwasha jiko. Halafu akaeleza ule mfuko mweusi ambao mtoto wake wa mwisho, ndiye shemeji mwenyewe, alionekana akiuleta kila Jumamosi, mfuko ambao Meneja aliuandika kwenye maelezo yake kwa wino mwekundu. Ulikuwa na dawa ya macho. Aliyekubaliwa kumdondoshea ni huyo kitinda mimba tu. Wengine wote, kwa maneno yake, humlenga sikioni.

Inspekta aliomba aione chupa. Akaiona. Akaandika tarehe ya duka la dawa, akamgeukia mbunifu.

Huyu alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, kalamu nyuma ya sikio hata siku hizi za kusimamishwa kazi. Karakana nzima ilimwita Nyuzi. Inspekta alikuwa amelisikia jina hilo na kudhani ni la utani wa wembamba wake.

"Nifundishe," alimwambia. "Lakini chukulia mimi sijui kitu. Hutakuwa umekosea sana."

Nyuzi alifikiri, akamwondoa kitini, akampeleka alipokaa mama mkwe. Rada ya zamani, alieleza, ni kama feni ya mezani, inageuza shingo huku na huku, na shingo huchakaa. Ya kwake haigeuki. Ina vidomo kumi na sita vilivyosimama mstari mmoja, vyote vinatoa wimbi. Vikitoa pamoja, wimbi linakwenda mbele moja kwa moja. Kila kimoja kikichelewa kidogo kumfuata jirani yake, wimbi linaegemea upande, kama safu ya askari inayopinda kona. Kazi yote, basi, ni kuchelewesha. Na kuchelewesha kwa kipimo.

"Kuchelewa nakuweza," Inspekta alisema.

"Wewe ni wimbi. Tembea. Mama, mpigie makofi."

Mama mkwe akaanza kupiga makofi polepole, kwa raha ambayo hakuificha. Katikati ya korido palikuwa na mlango. Nyuzi akaufunga, akamwambia Inspekta aende, augonge, arudi. Makofi manane. Kisha akaufungua: sasa apite, afike ukuta wa mwisho, auguse, arudi. Makofi kumi na mawili.

"Umechelewa makofi manne," Nyuzi alisema. "Mlango ni dayodi, kidude kidogo kuliko punje ya mchanga. Umeme ndio unaoufungua na kuufunga, ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nikitaka uchelewe zaidi, nausogeza ukuta mbali. Nikitaka upunguze, nauleta karibu. Ndani ya kipande kimoja nimeweka hatua nne za namna hiyo, kila hatua inachelewesha mara mbili ya iliyotangulia. Hatua nne tu, lakini kwa kufungua hizi na kufunga zile napata uchelewaji wa namna kumi na sita."

Inspekta, akihema, alihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Akahesabu tena kwa kufungua na kufunga vinne tu vya mkono mmoja, akaona ni kweli, zinafika kumi na sita. Shingo ikatoka kwenye kola. Alikaa korokoroni na ofisini miaka thelathini akifungua na kufunga milango, na haikumpitikia kwamba milango minne inaweza kuelekeza jicho angani bila jicho kusogea.

"Na unaupimaje, huo uchelewaji? Kwa makofi?"

"Kwa nyuzi. Mzunguko mmoja mzima wa wimbi ni nyuzi mia tatu na sitini. Hatua ya tatu, kwa mfano, ni nyuzi tisini." Akamtazama. "Ndiyo maana wananiita hivyo. Ulidhani nashona?"

Inspekta alilifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya neno dhahabu lililokuwa limeandikwa mara tano, akalifunga. Aliuliza swali moja zaidi, na aliliuliza akiwa ameshika kitasa, kama mtu anayeaga: kama angempa fundi wa karakana nyingine mchoro ule, akatengeneza kifaa kama ulivyochorwa, kingefanya kazi?

"Mimi nimpe?" Nyuzi alisema. "Ningemuuliza kwanza nani anamfungia waya."

Shemeji mtu alikuwa kituoni tangu jana, kijana wa miaka thelathini na mbili, mpimaji wa vifaa kule karakana ya pili, mwenye lile daftari, na alikuwa amekaa vizuri kwenye benchi kwa sababu mama yake alikwisha kumpigia simu mkuu wa kituo mara mbili kuhusu matone ya mchana. Inspekta hakumuuliza kuhusu mfuko. Alimuuliza kuhusu hatua ya tatu.

Kijana alishusha mabega kama aliyetuliwa mzigo. Akasema amekuwa akitaka kumwambia mtu jambo hilo. Kifaa kililetwa kwao na mkubwa wao kama kazi iliyobuniwa hapohapo kwao. Yeye hakuambiwa kimetoka wapi na shemejiye hajawahi kumtajia hata skrubu. Hatua ya kwanza, ya pili na ya nne walizirekebisha kwa kukwangua hapa na pale. Ya tatu ikawashinda. Inatakiwa nyuzi tisini, inatoa sabini. Vipande vyote. Wametukanwa mpaka wamezoea.

"Zinapotelea wapi hizo ishirini?"

"Afande, tungejua si tungeziokota?"

"Waya mnafungaje?"

"Mashine. Inazilaza chini kabisa, nadhifu, kama nywele zilizochanwa kwa mafuta."

Inspekta alichukua vipande vitatu vilivyokamatwa, akavitia saini kutoka kabati la ushahidi, akamwachia kijana ruhusa ya kwenda kudondosha matone na kurudi chini ya ulinzi.

Chumba cha kufungia waya kilikuwa mwisho wa karakana, na mtu hakuingia humo bila kuvua viatu, kuvaa joho jeupe, kofia ya kitambaa, na kupulizwa upepo mwilini kama mazao yanayopepetwa. Ndani alikuwamo mama mmoja tu, mfupi, wa miaka sitini kasoro, jicho kwenye hadubini, vidole viwili vikiwa vimeshika kitu ambacho Inspekta hakukiona.

"Pumua upande ule, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Pumzi yako huku kwangu ni kimbunga."

Huyo ndiye Bi Sindano. Alikuwa humo tangu karakana ilipofunguliwa. Kabla ya hapo alishona sare za shule. Sindano na Nyuzi, watu walisema, na wenyewe walikuwa wameacha kucheka utani huo miaka mingi. Alimpisha Inspekta kwenye hadubini. Kule chini kulikuwa na mji: barabara za dhahabu juu ya kauri nyeupe, zimenyooka, zimekata kona, zimejipinda na kujirudia. Na mahali barabara zilipokatika, juu ya punje nyeusi ambazo sasa alizijua kuwa ni milango, palivuka madaraja. Uzi wa dhahabu umeinuka, umejipinda, umetua. Moja, mbili, tatu, zote nane kimo kimoja, kana kwamba zimetolewa kwenye kalibu moja.

Inspekta alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyohitaji kwa ajili ya kesi.

"Hizi ni za mkono?"

"Unaona mashine humu?"

"Mbona zimeinuka?"

Bi Sindano alivuta kigoda. Zamani, alisema, alikuwa akizilaza kama wengine. Vipande vikipelekwa kwenye jaribio, mara baridi ya kugandisha, mara joto la kuokea, vinarudi waya zimekatika, maana kauri inatanuka kivyake na dayodi kivyake, na uzi ulio katikati ndio unaovutwa na wote wawili. Akaona auachie ulegevu. Akauinua. Hazikukatika tena. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiingia.

Kisha akaja Nyuzi, mgeni, na vipimo vyake vikawa havikai sawa. Hatua ya tatu inazidi nyuzi ishirini kila mara. Wimbi likipita mlangoni linapanda daraja na kushuka, na kupanda na kushuka ni mwendo.

"Mwingine angenigombeza nizilaze. Yeye alikaa kwenye kigoda hicho wiki mbili, akapima madaraja mia mbili. Siku ya mwisho akaniambia, mama, mkono wako haubadiliki. Wewe inua, mimi nitakata. Akaenda akauleta ukuta karibu."

"Alikata kiasi gani?"

"Sehemu thelathini za mia za milimita. Nywele zako nne ukizilaza ubavu kwa ubavu, ungekuwa nazo..." Alitazama chini ya kofia ya Inspekta. "Basi tuchukue zangu."

"Na imeandikwa wapi, hiyo thelathini?"

"Tuiandike ya nini? Mimi naijua, yeye anaijua. Mchoro uko hivyo tangu siku ile, na hakuna aliyewahi kuuliza."

"Meneja?"

"Yule akiona uzi anatafuta kifungo."

"Profesa?"

Bi Sindano alirudi kwenye hadubini yake. "Profesa anasema humu ni kwa cherehani. Hajawahi kuvua viatu."

Kwenye ngazi Inspekta alisimama, kama alivyosimama kila alipotaka kufikiri, na waliokuwa nyuma yake wakasubiri. Aliyeiba mchoro aliuiba na ufupi wake, akaupeleka kwenye mashine inayolaza waya, na hakuuliza. Nyuzi angeuliza, neno la kwanza kinywani mwake lilikuwa hilo. Meneja ameona neno nyuzi akakimbilia stoo kuhesabu bobini. Mwizi wa mchoro huu hawezi kuwa mtu asiyejua nyuzi hizo ni zipi. Akabaki mmoja. Lakini kubaki si ushahidi.

Alitoa nakala ya ombi la hataza, lenye kurasa kumi na moja, ambalo Meneja alikuwa amelifungia kabatini hata Nyuzi hajaliona, wala Profesa. Alisoma ukurasa wa saba ngazini hapo hapo. Kisha akampigia Nyuzi simu, swali moja: kuna kitu kinaitwa kumwagika kwa wimbi ukingoni?

Kipo, alijibu. Wimbi likifika mwisho wa mstari linachungulia kidogo nje kabla ya kurudi, kwa hiyo kila mchoraji hukata kidogo kulifidia. Kwa kauri yao ni sehemu ishirini na tano za mia. Kila kitabu kinasema hivyo. Kwake jumla alikata hamsini na tano, na thelathini zilizobaki ni za madaraja ya Bi Sindano.

Ofisi ya Profesa ilikuwa na vitabu mpaka juu, na kalamu nyekundu tisa ndani ya kikombe. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri, na Inspekta alipomwomba amweleze kifaa hicho alimweleza vizuri sana, kwa chaki, bila kudharau, mpaka shingo ikatoka tena. Kulikuwa na kichwa hapo, hilo halikuwa na ubishi.

"Tawi hili la hatua ya tatu," Inspekta alisema, akionyesha kwa kidole kinene, "mbona fupi kuliko hesabu yako?"

"Wimbi humwagika ukingoni, kama maji ya ndoo iliyojaa mno. Mchoraji hodari hukata kulifidia."

"Kiasi gani?"

"Sehemu hamsini na tano za mia."

"Yote kwa kumwagika?"

"Yote."

Inspekta alimwomba amwandikie hayo kwa ajili ya bodi, yeye kichwa chake kizito, na aweke saini. Profesa akaandika, akapigia mstari neno hodari, akasaini. Inspekta aliikausha karatasi kwa kuipungapunga, halafu akaweka kando yake ukurasa wa saba wa ombi la hataza, wenye maneno yaleyale.

Kama maji ya ndoo iliyojaa mno. Sehemu hamsini na tano za mia. Mchoraji hodari.

Profesa alisoma zote mbili. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Akasema kumwagika ni jambo la kweli na liko vitabuni.

"Vitabuni ni ishirini na tano."

"Basi..." Mzee alizisogeza karatasi karibu, na kilichomtoka hakikuwa cha mtuhumiwa bali cha mhandisi. "Thelathini zilizobaki ni nini?"

"Ulimuuliza aliyechora?"

"Inspekta, miaka ishirini na saba mimi ndiye ninayeulizwa."

Saa nane bodi ilikaa, watu watano na jagi la maji. Inspekta aliweka karatasi mbili mezani. Profesa, aliyekuwa amepata saa moja ya kujikusanya, alisema watu wawili waliosoma kitabu kimoja wanaweza kukosea kwa namna moja, na Meneja akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena kukataa. Bodi ikanong'onezana. Nyuzi alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani, kalamu haikuwa nyuma ya sikio. Mwenyekiti aliuliza kama kuna kitu kinachoonekana kwa macho, kwa sababu yeye karatasi zilikuwa zimemchosha.

Inspekta akatoa kipande kimoja cha karakana ya pili, akasoma namba ya ushahidi kwa sauti, akaomba wote wafuate chumba cha mwisho, na wavue viatu.

Walijipanga ukutani katika majoho meupe kama waliokuja kubatizwa. Nyuzi aliambiwa asimame mlangoni asiguse kitu. Kipande kilifungwa kwanza kwenye kipimo kikiwa na waya zake za mashine, na mshale wa hatua ya tatu ukasimama kwenye sabini. Mwenyekiti akaandika sabini. Kisha kikahamishiwa chini ya hadubini, mbele ya Bi Sindano.

Alizing'oa waya za mashine moja moja. Akachovya ncha, akagusa, akainua, akapinda, akatua. Picha ya hadubini ilionekana kwenye kioo cha ukutani, na watu watano wa bodi, ambao mezani walikuwa wakitazama saa, wakaacha kutazama saa. Daraja la kwanza. La pili likaja sawa na la kwanza. Hakupima, hakusimama, na kila lilipotua jipya mtu mmoja ukutani alitoa pumzi, naye Bi Sindano akawaonyesha kwa kiwiko upande wa kupumulia. Profesa alikuwa amesogea, hatua moja, nyingine, mpaka alikuwa nyuma ya bega lake.

Kipande kikarudishwa kwenye kipimo. Umeme ukawashwa. Mshale ukapita sabini, ukapita themanini, ukatulia kwenye tisini bila hata kutetemeka.

Kifaa cha karakana ya pili, kilichowashinda wenyewe siku nne, kilikuwa kimekatwa kwa ajili ya mkono ambao wao hawakuwahi kuuona. Mwenyekiti hakuomba maelezo. Meneja aliyaomba, akapewa na wajumbe wawili kwa pamoja.

Profesa alikuwa bado anatazama kioo. Alisema, taratibu, kwamba kule walimwahidi maabara yenye jina lake mlangoni. Kwamba mchoro aliupeleka yeye, na maelezo ya ukurasa wa saba aliyatunga yeye kwa sababu aliona aibu kutokuwa na maelezo. Kisha akamwinamia Bi Sindano, urefu wote ule, akasema hajapata kuona kazi kama hiyo.

"Mlango ulikuwa wazi, baba," alimjibu. "Ni viatu tu."

Inspekta alimpisha Profesa atangulie kutoka, hakumtia pingu mbele ya wenzake, na njia nzima mzee aliuliza juu ya kimo cha madaraja, naye Inspekta akamjibu alichojifunza asubuhi, kwa usahihi, akiona fahari.

Kabla ya hapo, lakini, alishuhudia jambo la mwisho. Meneja, jasho likimtoka, alikuwa amekimbilia ofisini akarudi na fomu mpya ya hataza, ili jina lirudi lilikotoka siku hiyohiyo. Akampa Nyuzi kalamu, akamwonyesha nafasi. Fomu ilikuwa na neno moja limechapwa: Mbunifu. Nyuzi aliandika jina lake lote. Halafu akarudi mwanzo wa mstari, akaikata ile M, juu yake akaandika Wa, akaisogeza karatasi mbele ya Bi Sindano.

Meneja alisema fomu za serikali hazirekebishwi.

"Hii imerekebishwa," alisema Nyuzi.

Bi Sindano alijipangusa vidole kwenye joho, akavaa miwani ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, maana kwa kazi yake hakuihitaji, akasoma neno hilo kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauliza kama nafasi inatosha majina matatu, lake, la baba na la babu. Akaambiwa inatosha. Akainama, akaanza kuandika.